ER, PR na HER2: Isome Karatasi ya Biopsi Kabla ya Kuanza Dawa

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. Dada wa Keroka amepewa karatasi yenye herufi ER, PR na HER2, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Mzee wa Ogembo anauliza kwa niaba ya mkewe: mbona jirani yao aliyepatikana na saratani ya titi mwaka huo huo anameza kidonge kimoja kwa siku na bado anachuma majani chai, ilhali mkewe anawekewa dripu za kemo mpaka nywele zimeisha? Binti anayemuuguza mamake huko Nyansiongo anataka kujua kama neno "hasi" ni habari njema.

Wote watatu wanauliza juu ya karatasi moja. Ripoti ya biopsi ndiyo inayoamua dawa, na kwa bahati mbaya ndiyo karatasi ambayo mgonjwa huikunja, akaitia kwenye bahasha, asiifungue tena. Makala haya yanakusaidia kuifungua. Matibabu yako yatapangwa na daktari aliyekupima, lakini atayapanga vizuri zaidi ukimwendea ukijua la kuuliza.

Herufi hizo zinapima nini

Seli za titi, sawa na za kizazi, zina protini zinazonasa homoni zinazopita katika damu. Protini hizo ndizo vipokezi. ER ni kipokezi cha estrojeni na PR ni kipokezi cha projesteroni. Vyote viwili hukaa ndani ya kiini cha seli, na vikishanasa homoni, seli huamriwa ikue. HER2 ni protini ya kipokezi ya namna nyingine: hukaa kwenye utando wa nje wa seli, na ikizidi kiasi, seli hugawanyika mbiombio.

Kuwa na vipokezi si ugonjwa. Titi lenye afya linavyo, kizazi chenye afya kinavyo, na bila hivyo hakuna hedhi wala mimba. Hata uvimbe wa kawaida wa kizazi usio saratani, ule unaowasumbua akina mama wengi, hukua kwa estrojeni na projesteroni. Kwa hivyo ukisoma "ER chanya" usidhani umeambiwa una ugonjwa wa pili. Umeambiwa kwamba saratani uliyo nayo inakula homoni, na kwamba iko dawa ya kuinyima chakula hicho.

Kabla ya kuchomwa sindano

Makosa makubwa hutokea hapa, kabla karatasi haijaandikwa.

La kwanza ni kukubali uvimbe ukatwe kwenye kliniki ndogo "tuutoe tu uishe", kisha nyama itupwe. Kipande kilichotupwa hakipimwi. Miezi sita baadaye uvimbe unarudi, na hakuna anayejua ulikuwa nini. Yeyote anayetaka kukukata titi, muulize kwanza: nyama hii inapelekwa maabara gani, na nani ataifuatilia? Asipokuwa na jibu, shuka mezani.

La pili ni kuridhika na sindano nyembamba. Sindano hiyo hufyonza seli chache tu. Huweza kuonyesha kwamba kuna saratani, lakini kwa kupima vipokezi madaktari hutaka kipande kizima kilichotolewa kwa sindano nene, baada ya dawa ya ganzi. Sema waziwazi: "Daktari, naomba biopsi itakayotosha kupima ER, PR na HER2." Maneno hayo yanaeleweka katika hospitali ya mafunzo na rufaa ya KTRH mjini Kisii, hospitali ya rufaa ya Nyamira, na katika hospitali za misheni.

La tatu ni kuanza kemo kabla vipimo hivi havijarudi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu hofu huwasukuma watu. Kemo ikifanya kazi vizuri inaweza kuufuta uvimbe wote, na hapo hakuna nyama iliyobaki ya kupima. Kusubiri majibu kwa wiki mbili au tatu ni jambo la kawaida katika saratani ya titi. Kusubiri miezi mitatu huku unazungushwa si jambo la kawaida.

"Lakini sindano haitaisambaza?" Swali hili haliishi, na limewafanya wanawake wengi wakae na uvimbe mpaka ukapasuka kidonda. Biopsi ya titi kwa sindano ni hatua ya kawaida duniani kote, na hakuna ushahidi kwamba inafupisha maisha ya mgonjwa. Kinachosambaza saratani ni muda.

Chupa ya fomalini

Sehemu hii isome polepole, hasa kama wewe ndiye utakayepewa chupa uipeleke.

Mwaka 2008 madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Kijabe walichapisha matokeo ya kushtua: ni takriban robo tu ya wagonjwa wao wa saratani ya titi waliokuwa na ER. Wakauliza kama saratani ya Afrika Mashariki ni ugonjwa wa aina tofauti. Mwaka 2014 Shahin Sayed na wenzake wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walilirudia swali hilo wakiwa wamechunga sana jinsi nyama ilivyohifadhiwa tangu ilipotoka mwilini. Katika visa takriban 300, karibu robo tatu vilikuwa na ER, na wasio na kipokezi chochote kati ya vitatu walikuwa kama mmoja kwa kila watano. Wagonjwa hawakuwa wale wale, kwa hivyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa chupa. Hata hivyo somo ni zito: protini hizi huharibika nyama isipohifadhiwa upesi, na zikiharibika, maabara itaandika "hasi" kwa mgonjwa aliyepaswa kuwa "chanya". Huyo atanyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemlinda kwa miaka.

Huku kwetu, nyama mara nyingi hukatwa Kisii au Nyamira na kusomwa Kisumu, Eldoret au Nairobi. Katikati kuna boda boda, ofisi ya vifurushi na Jumapili. Fanya hivi:

1. Hakikisha nyama imeingia kwenye fomalini mara tu ilipotolewa. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni ndani ya saa moja. Uliza, "Imeingia dawani saa ngapi?" na uombe saa hiyo iandikwe kwenye fomu.
2. Dawa sahihi ni fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi. Maji, maji ya chumvi na spiriti havifai. Kama kituo hakina fomalini, biopsi isifanywe siku hiyo.
3. Fomalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya nyama. Titi zima lililotolewa, haitoshi kulitumbukiza tu kwenye ndoo; lazima likatwe vipande ili dawa ipenye, na kazi hiyo ni ya daktari au maabara.
4. Chupa iwe na mdomo mpana. Jina, tarehe na upande wa titi viandikwe kwenye mwili wa chupa. Vikiandikwa kwenye kifuniko, siku kifuniko kikibadilishwa na wewe umebadilishwa.
5. Nyama ikae kwenye fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla ya maabara kuishughulikia. Ndiyo maana sipendi biopsi za Ijumaa alasiri. Kipande kinakaa ofisini Jumamosi, kinalala Jumapili, kinapanda gari Jumatatu, na Jumanne mchana bado kiko kwenye foleni. Omba Jumatatu au Jumanne.
6. Usiiweke kwenye friza. Usiiache kwenye dashibodi ya matatu juani. Usiongeze maji ukiona imepungua, rudi ulikoipata.
7. Fomalini ni sumu. Usiifungue wala kuinusa. Itie kwenye mifuko miwili, na isikae nyumbani usiku kucha mahali watoto wanapofikia.
8. Piga picha ya fomu na chupa kwa simu yako. Ukifika, chukua namba ya sampuli na jina la aliyepokea.

Wengine watasema hii ni kazi ya hospitali. Ni kweli. Lakini ukweli huo hautakurudishia nyama iliyoharibika, na kuuliza maswali mawili hakugharimu kitu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako na vipimo vyako kwa lugha unayoielewa, kwa hivyo usione kwamba unajifanya mjuaji.

Sasa fungua karatasi

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na katikati yake kuna maelezo marefu ya rangi na umbo la nyama. Yaruke. Tafuta mistari hii.

ER na PR. Utaona neno "Positive" au "Negative", na mara nyingi asilimia. Ni chanya ikiwa angalau asilimia 1 ya seli za saratani zimeshika rangi. Kati ya 1 na 10 huitwa chanya hafifu, na hapo daktari hupima faida ya dawa za homoni kwa uangalifu. Maabara nyingine hutoa alama za Allred, kuanzia 0 hadi 8. Kuanzia 3 kwenda juu ni chanya. Kama umeandikiwa 8/8, usiogope ukubwa wa namba hiyo: hapa alama za juu zina maana kwamba dawa ya homoni ina nafasi kubwa ya kufanya kazi.

HER2. Hupewa 0, 1+, 2+ au 3+. Sifuri na 1+ huhesabiwa hasi. 3+ ni chanya. 2+ ni njia panda. Karatasi huandika "Equivocal", na hapo kipimo cha pili kinachoitwa FISH au ISH lazima kifanywe kuhesabu jeni yenyewe. Kosa linalowaangusha wengi ni kuichukulia 2+ kama jibu. FISH haipatikani kila maabara, bei yake ni ya juu, na mtu anaweza kukuambia "tuendelee tu". Usiendelee bila kuuliza kwa nini.

Ki-67. Hii ni protini inayoonekana kwenye seli zinazogawanyika, na huandikwa kwa asilimia. Hakuna mpaka mmoja unaokubaliwa na kila maabara, na wasomaji wawili wa kioo kimoja wanaweza kutofautiana. Usikose usingizi kwa sababu yako ni 25 na ya mwenzako ni 18.

Gredi. Ni 1, 2 au 3, na inaeleza seli zilivyobadilika. Usiichanganye na hatua ya ugonjwa, ambayo husema umefika wapi mwilini. Nimesikia mtu aliyekuwa na gredi 3 akiaga jamaa zake kana kwamba ni hatua ya mwisho.

Mambo ya kutilia shaka

Ripoti inaweza kukosea. Rudi kwa daktari ukaulize ikiwa:

- ER ni hasi lakini gredi ni 1. Saratani za polepole mara nyingi huwa na ER, na miongozo ya kimataifa inataka kipimo kirudiwe pale ambapo majibu hayaendani na sura ya uvimbe.
- PR ni chanya na ER ni hasi kabisa. Hutokea, lakini ni nadra.
- Hakuna maelezo kuhusu seli za kawaida zilizo pembeni mwa saratani. Seli hizo nazo zinapaswa kushika rangi ya ER. Zisiposhika, kipimo chenyewe kina kasoro na "hasi" yake haina uzito.
- Jina, umri au upande wa titi si wako.

Suluhisho la karibu yote haya ni bloku. Maabara ikishamaliza, nyama yako hubaki imegandishwa ndani ya kipande cha nta, na huhifadhiwa kwa miaka. Unaweza kuomba bloku hiyo au vioo vyake vipelekwe maabara nyingine kusomwa upya, bila kuchomwa tena. Omba kwa maandishi, lipia kinachotakiwa, saini daftari, na ukimaliza rudisha. Usiiache bloku juu ya kabati la sebule, nta huyeyuka.

Na kama ugonjwa umerudi baada ya miaka, karatasi ya zamani haitoshi. Vipokezi hubadilika. Pale inapowezekana uvimbe mpya hupimwa upya.

Majibu na dawa zake

ER au PR chanya: dawa za homoni, mara nyingi baada ya upasuaji, pamoja na kemo au bila kemo kulingana na ukubwa wa uvimbe na tezi za kwapani. Anayepata hedhi kwa kawaida huanza na tamoksifeni. Aliyekoma hedhi anaweza kupewa anastrozoli au letrozoli, ambazo hudhoofisha mifupa, kwa hivyo ulizia kalsiamu na vitamini D.

HER2 chanya: trastuzumabu, inayojulikana na wengi kwa jina la Herceptin, kila wiki tatu kwa takriban mwaka mzima, pamoja na kemo. Moyo hupimwa kwa eko kabla ya kuanza na kurudiwa kila baada ya miezi kama mitatu.

Zote tatu hasi: kemo na upasuaji ndio uti wa mgongo wa tiba.

Ndiyo sababu jirani wa yule mzee wa Ogembo anameza kidonge. Huenda yeye ana ER na mwenzake hana. Si suala la nani anapendwa hospitalini, na kugawiana vidonge kwa huruma ni hatari kwa wote wawili.

Ukipewa tamoksifeni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dawa hii ni ya bei nafuu, inafanya kazi, na watu huiacha ovyo. Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa siku kwa miaka 5, wakati mwingine 10. Miaka, si pakiti tatu. Kujisikia vizuri si sababu ya kuiacha. Wanaoiacha mapema hurudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wanaoimaliza.

Ina tabia mbili. Kwenye titi inaziba ER ili estrojeni isipate pa kukaa. Kwenye ukuta wa ndani wa kizazi inafanya kinyume, inaiga estrojeni, na ukuta huo unaweza kunenepa. Kwa hivyo:

- Ukiwa umekoma hedhi na ukaona damu, hata tone, nenda hospitali ndani ya siku chache. Saratani ya kizazi kutokana na dawa hii ni nadra, lakini dalili yake ya kwanza ni hiyo. Usikubali kuambiwa "ni hedhi imerudi, mama, umekuwa kijana."
- Hedhi ikikatika ukiwa bado na umri wa kuzaa, bado unaweza kushika mimba, na tamoksifeni hudhuru mtoto tumboni. Tumia koili ya shaba au kondomu.
- Depo, vipandikizi vya mkononi na vidonge vya kupanga uzazi vina homoni. Aliye na saratani ya titi hapewi. Mwambie muuguzi wa kliniki ya uzazi hata kama hajauliza.
- Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, ni dharura: dawa huongeza hatari ya damu kuganda. Safari ya Kisii hadi Nairobi ni ndefu. Kila gari linaposimama, Narok au kwingineko, shuka utembee.
- Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, taja tamoksifeni. Rifampisini hushusha sana kiwango chake mwilini. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, kama fluoksetini na paroksetini, nazo huidhoofisha. Ukitumia ARV, onyesha kadi yako pia.
- Joto la ghafla usiku litakusumbua. Vaa nguo nyepesi, punguza chai kali jioni ingawa tuko katika nchi ya chai, na mwambie daktari likizidi. Kuna la kufanya badala ya kutupa vidonge.

Wasichana huuliza: na mtoto je? Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia wanawake waliositisha dawa ya homoni kwa muda ili wazae, baada ya kuitumia kati ya miezi 18 na 30. Kwa kipindi kifupi walichofuatiliwa, ugonjwa haukurudi zaidi kuliko kwa wengine. Ni jambo la kupangwa na daktari kabla ya kusitisha, na lazima miezi kadhaa ipite baada ya kidonge cha mwisho kabla ya kutafuta mimba.

Maswali yanayorudi

"Nimeandikiwa hasi tatu. Nimekwisha?" Hapana. Saratani hiyo ni kali na hukimbia, lakini ni ile ambayo kemo huipiga vizuri zaidi, hasa ikiwahiwa. Hatari yake kubwa ya kurudi ni katika miaka ya mwanzo, kwa hivyo usikose kliniki hata moja katika miaka hiyo. Ukiwa na umri chini ya miaka 60, au mama au dada aliyeugua, uliza juu ya kipimo cha jeni za BRCA.

"Niliambiwa saratani ya Waafrika haina vipokezi, kwa nini nipoteze pesa kupima?" Soma tena sehemu ya chupa. Walio wengi wanavyo.

"Niache parachichi, maziwa, soya?" Kula. Hakuna chakula cha sokoni Daraja Mbili kitakachobadilisha ER yako. Pombe punguza au acha kabisa. Hiyo inahusika na saratani ya titi.

"Kuna mtu anauza dawa ya miti shamba ya kusafisha homoni." Hakuna uchafu wa homoni wa kusafishwa. Baadhi ya mimea huiga estrojeni, mingine huumiza ini ambalo ndilo linaloifanya tamoksifeni iwe na nguvu. Siwadharau wazee wetu wanaojua miti, lakini mtu asiyeuliza kama wewe ni ER chanya au hasi hawezi kujua anachokupa kinalisha nini.

"Wanaume?" Nao huugua saratani ya titi, ingawa kwa uchache, na yao mara nyingi ina ER. Baba mwenye uvimbe nyuma ya chuchu asione haya.

"Mimi yangu ni ya mlango wa kizazi, imeandikwa p16 chanya." Hiyo ni protini nyingine. Hupanda ndani ya seli pale kirusi cha HPV kinapovuruga breki za ukuaji wake, na humsaidia msomaji wa kioo kutambua mabadiliko mazito. Si kipimo cha ukimwi, wala haionyeshi nani alimwambukiza nani, kwani HPV huweza kukaa mwilini kimya kwa miaka. Isiwe sababu ya kuvunja nyumba. Kinachotakiwa ni matibabu ya haraka.

Pesa na safari

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Jisajili kwa *147# na uhakikishe mchango umelipwa; kusajiliwa peke yake hakufungui mlango wa matibabu ya saratani. Pakiti ya saratani ina kikomo cha mwaka kwa kila familia, kwa hivyo uliza salio lako kabla ya kila awamu. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche zilitangaza mpango wa kugharamia Herceptin kupitia SHA katika hospitali zilizochaguliwa. Bila karatasi inayothibitisha HER2 chanya, mlango huo haufunguki, na hapo ndipo ile 2+ isiyopimwa FISH inapomgharimu mtu dawa.

Tiba ya mionzi itakutoa Kisii: wengi huenda Eldoret, Nakuru au Nairobi. Beba faili moja yenye ripoti ya biopsi, majibu ya FISH, picha, eko na barua ya rufaa. Toa nakala mbili za kila kitu. Moja ibaki kwa mtu unayemwamini nyumbani, na picha zake ziwe kwenye simu ya mwingine. Familia zinazofanya harambee zianze na vipimo; mara nyingi watu huchangisha laki mbili za kemo, ilhali FISH iliyokosekana ndiyo ingesema ni dawa gani ya kununua.

Leo ukimaliza kusoma, toa ile karatasi kwenye bahasha. Ikiwa mojawapo ya ER, PR au HER2 haina jibu, au HER2 imeishia 2+, piga simu wiki hii kwa maabara iliyoandikwa juu ya karatasi hiyo, wape namba ya sampuli, na uulize kama bloku yako bado ipo.